Barua kwa swahiba aliyeingia zimamoto

Edinburgh, Uskoti
16 Novemba

Swahiba wangu wa dhati,

Salaam nyingi kutoka huku kwenye baridi, nikitumaini kwamba wewe na wote nyumbani mu wazima wa afya. Barua yako imenifikia salama, na nimefurahi mno kusikia kwamba umemaliza mafunzo pale Chogo, kwenye chuo cha zimamoto, na tayari umepangiwa kituo. Uliniuliza kama ni kweli kwamba kikosi cha kwanza cha zimamoto cha manispaa nchini Uingereza kilianzia katika mji huu ninaoishi. Ni kweli, na kwa kuwa leo ni siku inayohusika na habari yenyewe, nimeona nikae nikuandikie kwa kirefu.

Mji mkongwe wa Edinburgh umejengwa juu ya mgongo wa kilima, na kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu, watu walijenga kwenda juu, ghorofa juu ya ghorofa, familia nyingi zikitumia ngazi moja. Kati ya majengo hayo kuna vichochoro vyembamba sana. Viko ambavyo mimi nikinyoosha mikono yangu ninazigusa kuta zote mbili. Fikiria moto ukiwaka mahali kama hapo, usiku, na pampu za kusukumwa kwa mikono ambazo watu walizikokota mlimani kwa nguvu zao. Zamani makampuni ya bima yalikuwa na pampu zao na watu wao, na kila kundi lilifuata amri ya bwana wake.

Mwaka 1824 halmashauri ya mji iliamua kuunda kikosi kimoja, makampuni ya bima yakachangia gharama, na ukuu wake akakabidhiwa kijana wa miaka 24 aitwaye James Braidwood, mtoto wa fundi aliyekulia katika kazi za ujenzi. Hapa ndipo ninapomheshimu mtu huyu kwa moyo wangu wote. Hakwenda kutafuta watu wenye nguvu tu. Alichagua mafundi: waezekaji wa mapaa, maseremala, waashi, mafundi bomba na wahunzi. Mwezekaji amezoea kutembea juu ya paa bila kizunguzungu, mwashi akiutazama ukuta anajua kama utasimama au utaanguka, seremala anajua sakafu imebebwa na nini, fundi bomba anajua maji yanapita wapi, na mhunzi anaitengeneza pampu ikiharibika. Aliwafanyisha mazoezi kabla ya mapambazuko, ili wazoee kufanya kazi gizani na kuzijua njia za mji wakati hakuna msongamano. Aliwafundisha kuingia ndani ya jengo na kulifikia shina la moto badala ya kusimama barabarani na kurusha maji kwenye moshi, kutambaa chini kwa sababu hewa ya kuvutika hubaki karibu na sakafu, na kutoingia peke yao. Bila shaka wewe umeyasikia hayo hayo kwa wakufunzi wako, nami nilisisimka nilipotambua kwamba ni mafunzo ya miaka ipatayo 200 iliyopita.

Kikosi hicho kilikuwa hata hakijatimiza miezi michache pale moto ulipozuka usiku wa tarehe 15 Novemba 1824, katika karakana ya mchongaji wa picha za chapa kwenye kichochoro cha Old Assembly Close, ambako mafuta ya kitani yalikuwa yakichemshwa. Siku iliyofuata, yaani siku kama ya leo, cheche zilirukia mnara wa kanisa la Tron, na madini ya risasi yaliyofunika mnara ule yakayeyuka na kutiririka. Moto ulidumu siku tano. Familia zipatazo 400 zilibaki bila makao, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo askari wawili wa kikosi hicho kichanga.

Lakini jambo lililonigusa zaidi si ukubwa wa moto. Wakati Braidwood akijaribu kuwapanga watu wake, waheshimiwa wa mji, wakiwamo meya na mahakimu, walifika mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akatoa amri yake: pelekeni pampu huku, hapana, irudisheni kule. Vijana wakabaki hawajui wamtii nani. Uchunguzi ulipofanyika baadaye, lawama hazikumwangukia Braidwood, bali iliamriwa kwamba kuanzia hapo mkuu wa zimamoto ndiye mwenye kauli kwenye tukio, na kwamba mwenye cheo kingine chochote asiingilie.

Niliposoma hayo nilikumbuka ule usiku ghala la mbao lilipoungua mtaani kwetu tukiwa wadogo. Unakumbuka jinsi gari lilipofika, watu zaidi ya hamsini walivyolizunguka, huyu akivuta mpira wa maji upande wa nyumba yake, yule akipiga kelele kwamba boza halina maji, mzee mmoja mashuhuri akimfokea askari aliyekuwa anajaribu kufungua koki? Maji yalikuwemo. Kilichokosekana ni dakika tatu za kuachwa wafanye kazi yao. Nyumba mbili za jirani zilishika moto ndani ya dakika hizo, na mpaka leo ninaona uso wa yule askari.

Mwaka 1830 Braidwood aliyaandika aliyojifunza katika kitabu, na mwaka 1833 London ikamchukua. Huko makampuni ya bima yalikuwa yameunganisha vikosi vyao kuwa kimoja chenye askari 80 wa kuajiriwa, naye akakiongoza kwa miaka 28. Alifia kazini tarehe 22 Juni 1861, katika moto wa maghala ya Tooley Street kando ya mto Thames, yaliyojaa pamba, juti, sukari, chai na mafuta ya mnyama. Ukuta ulimwangukia akiwa amekwenda kuwapa moyo watu wake. Hasara ile iliyatisha makampuni ya bima kiasi kwamba yaliitaka serikali iubebe mzigo huo, na sheria ya mwaka 1865 ikazaa kikosi cha umma cha London.

Hapa Edinburgh kikosi kiliendelea kukua: farasi wakaja, kisha pampu za mvuke, kituo kikuu cha Lauriston kikafunguliwa mwaka 1900, halafu magari. Mwaka 2013 vikosi vinane vya Uskoti viliunganishwa kuwa kimoja cha nchi nzima. Wenzetu huku hushangaa ninapowaambia kwamba Tanzania ilikuwa imekwisha kupita njia hiyo kwa sheria ya mwaka 2007, iliyovitoa vikosi mikononi mwa halmashauri na kuunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Ninaamini ilikuwa hatua sahihi, ingawa ninajua kwamba jina la jeshi peke yake halileti maboza wala maji. Wewe utayaona mapungufu hayo kwa macho yako, na ninakuomba usiyazoee.

Leo asubuhi nilipita kwenye sanamu ya Braidwood, iliyosimamishwa mwaka 2008 nyuma ya kanisa la St Giles. Mvua ilikuwa inanyesha, na hakuna aliyekuwa akiitazama. Nilisimama hapo kidogo nikikuwaza wewe na konstebo wenzako, na wale zaidi ya watu 100 tuliowapoteza Msamvu, Morogoro, mwaka 2019, walipolikimbilia lori la mafuta lililopinduka, nalo likalipuka.

Ukipata nafasi niandikie unieleze jambo moja: mkuu wenu akifika kwenye tukio, anatambulikaje katikati ya umati, na watu wa mtaani wanamsikiliza? Nisalimie mama na wadogo zako wote.

Ni mimi swahiba wako,
wa Edinburgh