Mama Brayo, nataka kuhamia kwenu

Nakuru, Novemba 2025

Mama Brayo wangu,

Salamu kwanza, na unisalimie wote huko Changamwe, Mombasa, hata yule mzee wako anayeniita Mama Karatasi. Najua nimenyamaza sana, usinune, hii miezi miwili nimekuwa na jambo moja tu kichwani na nilitaka niende nikalione kwa macho kabla sijakuandikia, juu ningekuandikia mapema ungenicheka mpaka nighairi.

Nataka kuhama Nakuru.

Usishike kiuno bado. Lile duka langu la kuchapa na fotokopi unalijua, kodi yake imepanda mara tatu tangu tuitwe city Desemba 2021, na mimi hiyo city sijaiona ikibisha kwangu mlangoni na kitu kingine isipokuwa kodi. Saiba, haya maduka ya kompyuta na intaneti, kwa hiyo barabara peke yake zimefika saba, nimezihesabu nikiwa sina mteja. Jirani anatoa fotokopi shilingi tano, mimi nikisema kumi naonekana mwizi. Vumbi nalo ni lile lile, si hata Wamaasai ndio walipaita mahali pa vumbi, na printa na vumbi ni kama paka na panya. Ken alimaliza fomu foo, sasa yuko Eldoret anasomea mambo ya umeme, kwa hivyo jioni ni mimi na birika na redio. Nikajiuliza, kwani nani alisema lazima nizeekee hapa?

Wazo la kwanza lilikuwa mji wa chuo. Penye wanafunzi pana karatasi, si ndio? Njoro niliitoa haraka. Egerton iko pale, imeanza 1939 kama shule ya ukulima ya yule Lord mzungu, wanafunzi ni wengi, lakini baridi ya Njoro unaijua, na tena kutoka hapa ni kilomita kama ishirini tu, huko si kuhama, hiyo ni kutoka chumba cha kulala ukaenda kulala sebuleni. Nikasema twende mbali kidogo. Maseno.

Nilienda mwisho wa Oktoba. Nilipita Kisumu wiki moja hivi baada ya Raila kuzikwa Bondo na mji ulikuwa bado umenyamaza, hata makanga walikuwa wanaita abiria kwa sauti ya chini, sijawahi kuona stage ya Kisumu namna hiyo. Nikapanda ya Maseno, kilomita kama ishirini na tano, barabara inapanda na hewa inapoa mpaka unafunga dirisha. Hapo kwa ikweta nilishuka nikasimama mguu mmoja huku mwingine kule kama mtoto, na mama wa ndizi akanicheka waziwazi. Mahali ni pazuri, nikuambie ukweli. Miti, mawe makubwa, kila kitu kijani, na mvua inakuja saa tisa mchana kama mtu aliyeajiriwa.

Lakini mji ulikuwa umekufa. Si unakumbuka wahadhiri wa vyuo vya umma nchi nzima waligoma kuanzia Septemba? Wanafunzi wengi walikuwa wameenda kwao. Hosteli zimefungwa na kufuli, vibanda vya chipo vimegeuzwa viti juu ya meza. Nikaingia saiba moja, nikamkuta kijana amelala juu ya kaunta, amevua viatu, na printa ameifunika leso vizuri kabisa kama mtoto mchanga. Nilimpenda kwa hiyo leso. Tuliongea karibu saa nzima, akanieleza biashara ya pale venye iko, akaniambia mama, hapa ni kama shamba la mahindi, kuna wiki za kufungua semesta na wiki za projekti, hapo unachapa na kubaindi mpaka mashine inanuka moshi na wewe unalala dukani, halafu wanafunga na unakula akiba. Pesa za mkopo za wanafunzi zikichelewa, wanakuja na flashi mkononi na kuomba uwakopeshe. Mgomo ukija, wewe pia umegoma bila kupenda. Ana daftari la madeni nene kuliko Biblia ya mamangu, alinionyesha, wengine ameandika tu "yule wa koti jekundu".

Nilitoka pale nimechoka kama niliyekuwa nafanya kazi.

Sasa ndio tufike kwenu. Ulikuwa unaniambia kila siku kuhusu Kendu Bay, ziwa, samaki, jioni, na mimi nilikuwa nadhani ni ile sifa ya mtu aliye mbali na kwao. Nilifika Jumamosi kupitia Ahero na Katito, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba nusu ya maduka yamefungwa, watu wako kanisani. Kwani hukunionya kwamba Waadventista wako Gendia tangu 1906! Ijumaa Waislamu wa mji mkongwe wako msikitini, Jumamosi hawa, Jumapili wale wengine, sasa mtu akitaka fotokopi si atangoja Jumatatu.

Nilienda mpaka kwa ziwa. Nisikudanganye, harufu ya omena, hao dagaa wa ziwani, walioanikwa iliingia mpaka kwa sweta na ikarudi nami Nakuru. Usiku nilitoka nje ya ile nyumba niliyolala, nikaona taa majini, moja moja, halafu nyingi, mpaka ukadhani kuna mji mwingine huko ndani wenye stima kuliko huu wa nchi kavu, juu kwa nchi kavu stima ilikuwa imepotea tangu saa kumi na mbili. Mama mwenye nyumba akaniambia hizo ni mashua za omena, na kwamba mwezi ukiwa mpevu hawaendi, taa haivuti samaki kukiwa na mwangaza, kwa hivyo wiki hiyo pesa inakauka mpaka kwa kinyozi. Nikacheka peke yangu. Maseno wanangoja semesta, hapa wanangoja giza.

Huyo mama ndiye ana nyumba ninayoitaka, vyumba viwili mbele na veranda pana inayotazama barabara. Nilimuuliza kuhusu maji, si nyote mlikuwa mnalia mwaka wa 2020 ziwa lilipopanda. Hakunijibu kwa mdomo. Aliingia na mwiko wa ugali mkononi akaugusisha ukutani kwa ile nyumba ya chini, karibu na ufuo, na pale palikuwa na mstari wa rangi ya chai, juu ya soketi. Juu ya soketi, Mama Brayo! Hiyo ya chini haipangishi tena, anaweka kuku. Ile ninayoitaka iko upande wa juu wa barabara na maji hayakufika, nilizunguka kuta zote mwenyewe nikikagua kama askari.

Sasa sikia kilichonimaliza. Jumapili asubuhi nimekaa kwa hiyo veranda na laptopu, nataka tu kutuma kazi ya mteja wa hapa Nakuru, mama akaniuliza kama naweza kumwangalizia mambo ya bima ya afya kwa simu, imekataa siku nyingi. Nikamfanyia. Akaenda kuchota maji, kumbe amesema huko. Kabla chai haijapoa kulikuwa na mzee anayetaka pin ya kodi, msichana wa barua ya kuomba kazi, na jamaa mmoja wa mashua aliyepoteza kitambulisho na hajui aanzie wapi. Watu wanne kwa saa moja, bila hata kibao, bila printa, na siku yenyewe ni Jumapili! Wanasema wakitaka kazi kama hiyo ifanywe vizuri mara nyingine wanapanda gari mpaka Homa Bay au Kisumu. Nililipwa mia mbili na hamsini na gorogoro, ule mkebe wa kupimia, ya omena. Hapa Nakuru Jumatatu nzima niliyorudi nilipata mia tatu.

Alasiri nikapelekwa na boda mpaka kile kiziwa cha Simbi Nyaima. Flamingo wako pale! Wetu hapa si wengi walihama maji ya ziwa yalipoanza kupanda, tukabaki na picha kwa kalenda, kumbe ndege ana akili kuliko mimi. Yule kijana wa boda akanipa ile hadithi, ati kulikuwa na kijiji, wakawa na sherehe, akaja bibi kizee mgeni akiomba chakula na mahali pa kulala, wakamfukuza, isipokuwa mama mmoja, na usiku kijiji kikazama. Nilinyamaza tu.

Kaka yangu amenikalia ngumu. Anasema kura ya 2027 hiyo inakuja na mimi na jina langu naenda kufanya nini huko. Sikumjibu vibaya, ana haki ya kuogopa, sote tulikuwa hapa Januari 2008, zile vurugu za kikabila baada ya kura. Wewe ulilala siku mbili nyuma ya mashine yangu ya fotokopi na Brayo akiwa na mdomo kwa titi ili asilie, kisha ukapanda lori na hukurudi. Sijawahi kukuuliza, lakini sasa nauliza: ungekuwa mimi, ungeenda? Niambie ukweli, usinifurahishe. Huyo mama wa nyumba aliniuliza mimi ni wa nani, nikamtaja mamako, akasema "aah, huyo" na bei ya kodi ikashuka elfu moja hapo hapo. Sijui kama hiyo ni dalili njema au mamako anamdai.

Mpango wangu ni huu. Sinunui kitu, sijengi, napanga miezi sita kuanzia Januari. Printa kubwa inabaki hapa na mtoto wa dada yangu, nabeba ile ndogo, laptopu, mashine ya laminesheni, na sola moja ya kusaidia stima ikipotea. Sijui Kijaluo zaidi ya "ber", yaani nzuri, na matusi mawili uliyonifundisha, kwa hivyo unitumie maneno ya kazi kwa sauti, WhatsApp, polepole: lete kitambulisho, ngoja kidogo, sina chenji.

Na Desemba ukija nyumbani, pitia hapa tushuke pamoja, nataka uitazame hiyo nyumba kabla sijalipa. Beba neti yako kubwa, yangu ina matundu na mbu wa kwenu nimeshawajua.

Wako,
Mama Ken