Binti yule alikuwa mgonjwa, si mwenye mapepo

Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma miaka kumi na tisa bila kukuandikia hata mstari mmoja. Leo nimeshindwa kunyamaza. Jumapili mliiita filamu ya Kijerumani, Requiem, "sinema ya mapepo". Hivi mwandishi wenu aliitazama?

Filamu hiyo ya Hans-Christian Schmid ya mwaka 2006 haina vichwa vinavyozunguka. Ina mwanafunzi wa chuo mwenye kifafa, mcha Mungu kupita kiasi, anayesikia sauti na kuamini ni shetani. Chanzo chake ni mkasa wa Anneliese Michel, aliyefariki Julai 1, 1976 akiwa na miaka 23, amebaki kilo 30 hivi, baada ya kutolewa pepo mara 67. Mwaka 1978 mahakama iliwatia hatiani wazazi wake na mapadri wawili. Sandra Hüller anamwigiza binti huyo kwa mwili wake tu, mpaka unatamani uingie umshike. Hilo hamkuliandika.

Mdogo wangu alianza kuanguka akiwa darasa la tano. Vidonge vilimtuliza, akapitisha miezi minane bila kuanguka. Kisha mama akaambiwa kwenye maombezi kwamba mwenye imani hamezi vidonge. Akavitupa chooni. Siku ya nne mdogo wangu akaangukia jiko la mkaa, maharage yakiwa yanachemka. Majirani walijaa mlangoni na hakuna aliyemgusa, wanaogopa lile povu kwamba linaambukiza. Nilimtoa mimi. Vidole vitatu vya mkono wake wa kushoto havikunjuki mpaka leo, na akifunga vifungo vya shati hugeukia ukutani tusimwone. Mama si mjinga, Mhariri. Aliwaamini watu wenye vipaza sauti, na magazeti nayo yalikuwa yakiandika mapepo, mapepo.

Tena hivyo vidonge vya fenobabitoni, zahanati yetu unaambiwa vimeisha, urudi Jumatatu. Jumatatu unaambiwa hivyo hivyo. Kwenye maombezi hakuna siku unarudishwa.

Naomba mrekebishe habari ile. Na kila Jumamosi, pembeni ya ratiba ya ligi, wekeni kisanduku kidogo: aliyeanguka mlaze ubavu, ondoa moto na vyenye ncha karibu naye, usimtie kijiko mdomoni, zikipita dakika tano mkimbize hospitali. Watu huikata ratiba ile na kuibandika ukutani. Kwetu iko jikoni.

Msomaji wenu,
Morogoro