Barua ya Kufunga Muhula wa Kwanza

Moshi, Juni

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Salaam. Shule inafungwa Ijumaa hii saa 6 mchana na itafunguliwa Jumatatu ya pili ya Julai. Ripoti ya mtoto wako ameibeba mwenyewe. Isome pamoja naye. Mchango wa mahindi na maharage ni uleule wa kikao kilichopita.

Sasa nije kwenye jambo lililoleta maneno. Mwezi wa tatu walimu wetu wawili, wa Sayansi na wa Maarifa ya Jamii, walikuwa Tanga siku 10 kwenye mafunzo ya sayansi ya bahari. Yaliwalenga walimu wenye wanafunzi wa jamii zilizo chache darasani, na kwetu hao ni watoto wa wafugaji wa tambarare: Darasa la Sita wako 7 kati ya 58. Mzazi mmoja aliniuliza getini, "Mwalimu, sisi na bahari wapi na wapi?" Sikumjibu vizuri, kwa kuwa swali hilo hata mimi nilikuwa nalo. Fedha ya shule haikutumika, lakini vipindi vilivyopotea ni vya watoto wenu, hivyo jibu mnalidai.

Nililipata nikiwa nimekaa dawati la nyuma. Kipindi kilikuwa cha kujaa na kupwa kwa maji, na mwalimu akauliza mwezi wa leo una siku ngapi. Darasa kimya; sisi wenye taa za umeme tumeacha kutazama juu. Kijana mmoja wa wafugaji, ambaye tangu Januari sikuwahi kusikia sauti yake darasani, akasema zimetimia 12. Hurudisha ng'ombe jioni akiutazama. Mwalimu akaanzia hapohapo: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huvuta maji pamoja na jua, ndiyo bamvua, na pwani yetu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Ukiwa nusu, mivuto hiyo hupunguzana, yakawa maji mafu. Na kama mwezi unavyochelewa kuchomoza dakika 50 hivi kila siku, ndivyo maji yanavyochelewa kujaa. Kijana yule alipopewa saa ya maji kujaa Tanga siku moja, aliipata ya siku tatu mbele wakati wenzake bado wanatafuta kalamu.

Walimu walirudi pia na dumu la maji ya bahari (konda alilifungua akalinusa, akidhani ni dawa ya mganga). Lita moja ilichemshwa mpaka ikakauka, ikabaki chumvi kama gramu 35. Binti mmoja akaonja, akasema hii siyo magadi wanayolambishwa mifugo. Ni kweli, ni chumvi mbili tofauti, na kipindi kizima kikaishia kwenye magadi. Sikumkataza mwalimu.

Kuhusu "wapi na wapi": mito ya upande wetu inayoshuka Kilimanjaro na Meru hukutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, ikatoka kama Mto Pangani mpaka Bahari ya Hindi. Maji yakipungua huku, kule mdomoni mwa mto maji ya chumvi hupanda hadi karibu na mashamba ya watu. Chupa mnayoiona mferejini nayo inayo safari hiyo.

Kazi ya likizo ya Darasa la Sita ni kutazama mwezi kila jioni, kuchora umbo lake na kuandika saa ulipoonekana. Mruhusuni mtoto atoke nje dakika tano. Babu na bibi wenye majina ya siku za mwezi kwa Kichaga, Kipare au Kimaasai wamtajie, ayaandike.

Wazazi wa tambarare, mkihama na mifugo, tafadhali mwacheni mtoto kwa ndugu aliye karibu na shule kabla ya siku ya kufungua. Mwaka jana watatu walirudi wiki ya nne. Shida ya malisho tunaijua, hatuwalaumu, ila mtihani hausubiri mvua.

Siku ya kufungua kila mtoto aje na ufagio na daftari lake la mwezi.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu