Chakula cha wahamiaji wa Kitaliano si bandia

Mhariri,

Makala yenu ya mapishi ya wiki iliyopita ilikiita spageti na mipira ya nyama "chakula bandia cha Kitaliano", kwa kuwa ukienda Roma au Napoli hukikuti mezani. Kwamba ni nadra kukikuta huko, sina ubishi. Hilo la bandia ndilo ninalolipinga, tena kwa moyo wote, maana nimepika miaka mingi katika majiko ya Waitalia hapa Malindi na najua neno hilo linavyowadhalilisha watu.

Tuwatazame kwanza waliokipika. Kati ya 1880 na 1924, Waitalia zaidi ya milioni 4 waliingia Marekani, wengi wao wakitoka kusini: Sisilia, Calabria, Campania. Wengi walikuwa vibarua wasio na ardhi, watu wa mkate, maharagwe na mboga za majani, ambao nyama waliionja siku za sikukuu. Kule New York walichimba mitaro na kushona nguo kwa ujira mdogo, lakini nyama iliuzwa kwa bei ambayo hata kibarua aliimudu.

Mama aliyezoea kutengeneza polpette, yaani mipira ya nyama, kwa mkate mkavu uliolowekwa na nyama kiduchu, sasa aliweza kununua ratili kadhaa za nyama ya ng'ombe. Akaongeza nyama. Mkate hakuuacha, kwani ndio unaolainisha. Akatia yai, kitunguu saumu na jibini ya kukwaruza, akaviringa, akakaanga, kisha akaviacha vichemke taratibu ndani ya mchuzi wa nyanya asubuhi nzima ya Jumapili. Napoli mchuzi wa namna hiyo huliwa kwanza na tambi, nyama ikafuata kwenye sahani yake. Ng'ambo vikakutana sahani moja, na mipira ikawa mikubwa. Hata hivyo, Teramo, mkoani Abruzzo, mpaka leo wanakula tambi na vipira vya nyama vidogo mno, kama punje za dengu. Kuku wa parmigiana, yaani aliyekaangwa akafunikwa kwa mchuzi wa nyanya na jibini, naye ana hadithi hiyo hiyo: kusini mwa Italia ni biringani, Marekani nyama ikachukua nafasi yake.

Mwajiri wangu mmoja hakutaka kusikia hayo. Mama mmoja mgeni kutoka New Jersey, wa ukoo wa Kisisilia, aliomba kwa adabu apikiwe kuku huyo kama bibi yake alivyompika. Mwajiri alitoka akamwambia mbele ya meza zote kwamba chakula hicho hakipo na hakijawahi kuwapo. Nilikuwa dirishani natoa sahani. Yule mama alifunga menyu, akaomba maji tu. Viungo vyote tulikuwa navyo jikoni.

Na hicho kinachoitwa "cha asili" kina umri gani? Karbonara, yaani tambi za mayai, jibini na nyama ya nguruwe, ambayo watu hugombana wakiona tone la krimu ndani yake, ilianza kujulikana baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Resipe ya kwanza kuchapishwa ambayo watafiti wameipata ilitoka Chicago mwaka 1952. Ya kwanza ya Italia ni ya 1954, na ilikuwa na gruyère, jibini ya Uswisi, na kitunguu saumu! Mwaka 2023 Alberto Grandi, profesa wa Chuo Kikuu cha Parma, alipozungumzia mambo haya gazetini alishambuliwa kama msaliti. Mkate wa ciabatta ulibuniwa 1982. Spageti na mipira ya nyama ni wazee kwa vyote hivyo.

Halafu kuna deni ambalo halitajwi. Wahamiaji hao walinunua kutoka kwao mafuta ya zeituni, jibini, tambi na nyanya za kopo, na mahitaji yao yalisaidia sana kukuza viwanda vya Italia vilivyouza nje. Pesa ya mtu inapokelewa, sahani yake inakataliwa.

Sisi wa pwani tusingepaswa hata kufundishwa jambo hili. Biriani yetu ina asili ya ng'ambo ya bahari, ikakaa, ikawa ya Mombasa, Lamu na Zanzibar. Hakuna anayethubutu kumwambia mama wa Mji wa Kale kwamba anapika uongo kwa sababu Hyderabad, kule India, hawapiki hivyo.

Udanganyifu upo, sikatai. Anayeuza jibini ya kiwandani kwa jina la Parmigiano Reggiano anaiba, na sheria za Ulaya zinalilinda jina hilo kwa haki. Lakini mpishi wa New York au wa Buenos Aires, kule wanakoweka hamu, mchuzi wa nyanya na jibini juu ya milanesa, yaani nyama bapa iliyopakwa chenga za mkate na kukaangwa, haibi jina la mtu. Anapika alichorithi.

Ombi langu ni kwamba mkiirudia resipe ile, muiandike wazi kuwa ni ya Waitalia wa Marekani. Na muisahihishe pia: mliyochapisha ilikuwa ya nyama tupu. Lowekeni mkate mkavu kwenye maziwa, ukamueni, muuchanganye na nyama kabla ya kuviringa. Bila hivyo mipira itakuwa migumu.

Msomaji wenu,
Malindi