Mjomba anataka nitoe namba za wakulima ili nilipwe deni langu

Mpendwa mshauri, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 28, nakaa Mtwara mjini na natengeneza tovuti. Sijaajiriwa. Wateja natafuta mwenyewe, bei tunapatana, kazi naifanyia chumbani kwangu Magomeni. Nimefanya kazi ya shule binafsi moja ya Masasi, ya duka la vifaa vya ujenzi na ya fundi samani wa hapa mjini, na hao wote tulimalizana vizuri. Anayeninyima usingizi ni mteja mmoja aliyeletwa kwangu na mjomba wangu. Nakuandikia wewe kwa sababu nyumbani hakuna ninayeweza kumweleza haya bila habari kumfikia mjomba jioni ile ile.

Sisi ni Wamakonde, na kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba ndiye anayeozesha, ndiye anayezika, ndiye anayeitwa maneno yakizidi ndani ya nyumba. Baba aliondoka nikiwa darasa la tatu. Ada yangu ya sekondari, na baadaye ya chuo kule Dar es Salaam, ilitoka kwenye mikorosho ya mjomba, na kuna mwaka aliuza pikipiki yake ili nisirudishwe nyumbani. Hata kompyuta ninayoandikia barua hii, nusu ya bei alitoa yeye. Sijawahi kumwambia "hapana" mtu huyu.

Mwezi wa pili mwaka huu alinipeleka kwa rafiki yake, mzee mwenye nyumba ya wageni upande wa Shangani, ambaye pia hununua ufuta na mbaazi. Mzee alitaka tovuti ya nyumba yake. Tulipatana kurasa tano kwa shilingi 900,000, akatanguliza 300,000. Hatukuandikishana. Mjomba alikuwa amekaa pale pale kati yetu, na kudai karatasi mbele yake kungeonekana namtilia shaka rafiki yake. Hilo kosa nalikubali.

Kazi ikaanza kuvimba. "Ongeza kidogo tu, mwanangu." Ukurasa wa ukumbi, ukurasa wa vyakula, kisha kila kitu kiwekwe na kwa Kiingereza kwa ajili ya wageni wanaokwenda kutembea Mikindani na Msimbati. Picha alizonitumia kwa WhatsApp zilikuwa na ukungu, nikaenda mwenyewe siku mbili kupiga upya, kisha nikazipunguza uzito moja moja, maana picha ya megabaiti nne haimfungukii mtu aliye ndani ya basi maeneo ya Somanga anayetafuta pa kulala usiku ule. Jina la .co.tz nilisajili kwa jina lake yeye, kama inavyotakiwa. Fedha ya usajili na ya kuhifadhi tovuti, 180,000, niliitoa mfukoni. Tovuti iko hewani tangu Mei, ina kurasa kumi na moja, na wageni wanapiga simu kupitia hiyo. Dada wa mapokezi kaniambia mwenyewe. Salio la 600,000 sijaliona, wala ile 180,000.

Ingekuwa deni peke yake nisingekusumbua. Ila ninayo kazi nyingine, isiyo na mteja, na hiyo ndiyo mzee anaitaka.

Mwaka 2022, kabla ya msimu, bibi aliugua kijijini kwetu, wilaya ya Tandahimba. Mama hakuwa na fedha ya hospitali. Akachukua kwa watu wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa siri nje ya mnada, akakubali kulipa kwa korosho zikianza kuanguka, kila kilo ihesabiwe shilingi 1,000. Minada ilipofunguliwa, bei ilikuwa karibu mara mbili ya hiyo. Korosho za mama zilikuwa zimeshabebwa usiku.

Kwa wasomaji wa mikoa mingine: korosho zetu huuzwa kwa stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza huku mwaka 2007. Mkulima anapeleka chama cha msingi cha ushirika, zinapimwa, zinakwenda ghala kuu, zinauzwa kwa mnada, na fedha inaingia kwenye akaunti yake baada ya makato. Mtu wa kangomba ananunua nje ya hapo, noti mkononi, tena anakuja wakati umebanwa. Nguvu yake kubwa ni kwamba mkulima hana hakika na bei. Habari za mnada anazipata kwa bodaboda, na bodaboda naye kaambiwa.

Kwa hiyo nilitengeneza ukurasa. Kila mnada wa vyama vikuu vya ushirika nauwekea tarehe, bei ya juu na bei ya chini: TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Masasi, Nanyumbu na Mtwara, kisha RUNALI na Lindi Mwambao kwa upande wa Lindi. Ukiandika kilo zako unapata kadirio la utakachobaki nacho makato yakishatoka. Lakini kijijini wengi wana viswaswadu, simu ndogo zisizo na intaneti, ukurasa hauwafikii. Mama akachukua daftari, akapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani anataka kutumiwa bei kwa ujumbe mfupi. Leo ziko namba 640, kila moja ina jina na kijiji, na nyingi zina idadi ya magunia anayotarajia mwenyewe, kwa sababu waliniomba niwapigie hesabu. Oktoba 2024, bei ya mnada ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo, simu yangu haikutulia mpaka saa nne usiku. Sijawahi kufanya kazi nikafurahi namna ile. Gharama ya ujumbe natoa kwenye malipo ya wateja, ndiyo maana salio la mtu likikwama, na huku kunakwama.

Mwezi uliopita mzee aliniita, mjomba akiwepo. Akasema amesikia habari za "kazi ya bei". Atanipa 2,500,000, na deni lake lote la 780,000 atalilipa siku hiyo hiyo. Anataka ukurasa pamoja na daftari. Nikamuuliza daftari la nini. "Niwajue watu wangu." Nikasema wakulima hawauzi korosho kwa mtu mmoja mmoja, wanauza mnadani. Akacheka. Mjomba akatazama chini.

Sina ushahidi kwamba mzee ni wa kangomba, na sitamwita hivyo. Ila sasa ni mwezi wa nane. Mikorosho imechanua, watu wamemaliza fedha kwenye salfa, dawa ya mikorosho, na palizi, na mnada wa kwanza ni mpaka Oktoba. Namba ya simu, kijiji na magunia unayotarajia, kwa mwezi kama huu, nimejaribu kuwaza matumizi mengine na sikuyapata.

Nilimsomea mjomba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, kwamba taarifa za mtu zitumike kwa lile alilozitolea. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kabisa, "Sheria haikukulipia ada, mwanangu." Angefoka ningeumia kidogo.

Mama yuko njia panda. Anasema watu walimpa namba kwa sababu ni yeye aliyebisha hodi. Dakika hiyo hiyo ananiambia nisimvunjie kaka yake heshima.

Rafiki yangu wa Dar es Salaam, mtengeneza tovuti pia, ananishauri niizime tovuti ya nyumba ya wageni mpaka mzee alipe. Nywila ninayo. Mara mbili nimeingia mpaka kwenye kitufe chenyewe, nikatoka. Hatukuwahi kupatana kwamba nina haki hiyo, na wageni wakikosekana wa kwanza kuumia ni dada wa mapokezi. Tena aibu yote itamwangukia mjomba aliyenipeleka. Wakati huo huo kodi yangu ya miezi sita inaisha Septemba.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu mjomba anataka twende tena kwa mzee. Nataka nimwone yeye kwanza, peke yake, nyumbani kwake. Je, nimwambie deni lile nimeliacha, ili mzee asibaki na la kunishikia? Au kuacha 780,000 ni kumfundisha kila mteja ajaye njia ya kunikamata? Na maneno ya kumkatalia mjomba aliyeuza pikipiki kwa ajili yangu huanzia wapi, mimi mdogo, mbele yake? Au nimtume mama, au mzee mwingine wa ukoo?

Jambo la mwisho, ambalo mama pia hajui. Juzi usiku nilifuta safu yote ya magunia kwenye kompyuta, na kurasa za daftari zenye hesabu hizo nikazichoma. Namba na majina yamebaki. Mjomba bado anaamini orodha iko kamili. Nimwambie kabla ya Jumamosi?

Ni mimi,
Binti wa Tandahimba,
Mtwara