Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mwakilishi: turejesheeni chumba cha klabu ya anga

Mheshimiwa Mwakilishi wa Jimbo letu,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima wa afya, wewe na familia yako. Nimeshakuandikia kwa njia ya kawaida, barua zikapokelewa na kugongwa muhuri, na hakuna hata moja iliyojibiwa. Ndiyo maana hii naiandika hadharani, waliokupigia kura waisome pamoja nawe.

Mimi ni mwalimu wa fizikia na mlezi wa klabu ya anga ya watoto wa mtaani kwetu hapa Unguja. Klabu hii unaijua. Ulikuja kuizindua mwenyewe, ukakata utepe, ukachungulia Mwezi kwenye darubini yetu na kutamka "Subhanallah" kwa sauti ambayo kila aliyekuwepo aliisikia. Hapo hapo, mbele ya Sheha na wazazi, ukaagiza tupewe kile chumba cha nyuma katika jengo la zamani. Ukasema kitatiwa umeme na rafu. Umeme haukuja. Rafu tulizipiga wenyewe kwa mbao za makontena. Sikulalamika, kwa sababu chumba tulikuwa nacho, na kwa klabu ya watoto chumba kinachofungika ni nusu ya kazi.

Mheshimiwa, Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025 Mwezi ulipatwa wote, na sisi huku tulijaaliwa kuwa upande wa dunia unaouona mwanzo hadi mwisho. Tangu saa 2:30 usiku hadi saa 3:52 Mwezi ulikuwa umezama ndani ya kivuli cha Dunia, dakika 82 nzima. Watoto walijiandaa kwa hamu. Kila mmoja alikuwa na kazi yake: huyu achore ukingo wa kivuli, yule aandike saa, mwengine alenge darubini. Tulikusudia tukishamaliza na Mwezi tuigeuzie sayari ya Zohali, iliyokuwa jirani yake usiku ule, maana mwaka huo pete zake zilitugeukia kwa ubavu zikabaki mstari mwembamba tu.

Tulipofika jengoni tukakuta kufuli jipya mlangoni. Mlinzi akasema ufunguo anao afisa, na simu ya afisa ikaita bila kupokewa. Tukachungulia dirishani: viti vya plastiki vya shughuli vimepangwa mpaka dari. Darubini yetu tuliikuta kwenye korido, upande unaovuja, imelazwa sakafuni bila kifuniko. Nilipomulika ndani kwa tochi ya simu niliona kioo kina madoa meupe ya chumvi, na pembeni ukungu umeshaanza kuota vijinyuzi. Kioo cha darubini hakisuguliwi kwa kitambaa. Tabaka la alumini lililopakwa juu yake ni jembamba mno kuliko unywele, na ukilisugua linachubuka. Kulipaka upya kunataka mtambo ambao mimi sijauona hapa Unguja.

Waliotoka kuswali swala ya kupatwa kwa mwezi walipitia uwanjani na watoto wao, kwa sababu tuliwaalika. Tukaangalia kwa macho matupu. Mwezi ulipoiva wekundu watoto walipiga kelele za furaha, na mimi nilifurahi nao, lakini yule msichana wa darasa la sita aliyefundishwa kulenga alikaa pembeni, akaniuliza tumemkosea nani hata tukatolewa.

Nimjibu nini, Mheshimiwa? Wewe ungemjibu nini?

Amri ilitoka wapi, sikuambiwa. Mtaani wanasema viti vile vinakodishwa kwenye harusi na kuna anayepata fungu lake. Wengine wanasema kuna aliyeona mikusanyiko yetu ya usiku ina siasa ndani yake. Mimi nahisi sababu ni nyepesi zaidi na inauma zaidi: kuna wakubwa wanaoamini kwamba mambo ya anga ni ya wenzetu, kwamba mtoto wa hapa akitazama juu anapoteza wakati.

Basi nikumbushe. Tunguu, hapa hapa Unguja, palikuwa na kituo cha Marekani cha kufuatilia vyombo vya anga vya Mercury, mradi wao wa kupeleka watu angani. Tarehe 20 Februari 1962, mwanaanga wao John Glenn alipoizunguka Dunia mara tatu, Zanzibar ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyozungumza naye kwa redio. Kituo kilifungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi, na ilikuwa haki ya nchi kuamua nani akae kwenye ardhi yake. Ninachosikitikia ni kwamba watoto wanapita Tunguu kila siku na hawajui. Na mwaka 2023, mwezi wa Agosti, India ilitua karibu na ncha ya kusini ya Mwezi kwa chombo chake cha Chandrayaan-3. Mwaka huo huo IIT Madras, chuo cha India hiyo hiyo, kikaanza kusomesha hapa hapa Unguja, Bweleo. Nani atakayeingia pale kutoka skuli zetu, ikiwa darubini moja tuliyonayo tunaitupa koridoni ili viti vipate pa kulala?

Wala anga si jambo geni kwetu. Mama zetu wa mwani wanashuka pwani kwa hesabu ya Mwezi: bamvua wanaijua, maji mafu wanayajua. Mvuvi anayesubiri utabiri wa upepo wa kusi anategemea setilaiti. Klabu inawaonyesha watoto kwamba elimu ya bibi yao na elimu ya roketi zinakutana.

Sasa darubini iko chumbani kwangu, baina ya kitanda na kabati. Uchakavu wa kioo unanikaa machoni kila nikiamka. Mikutano tunafanya barazani kwangu chini ya taa ya barabarani, inayoufuta mwanga wa nyota zote isipokuwa zile kubwa. Roketi zetu za chupa za soda, zinazorushwa kwa maji na pampu ya baiskeli, hazina pa kuwekwa, na jirani ameshazitupa jaani akidhani taka. Mama yangu ni mgonjwa na anataka utulivu usiku. Kubwa kuliko yote, wasichana wamepungua. Wazazi waliwaruhusu kuja usiku kwa sababu palikuwa na chumba, mlango, na mwalimu wa kike ndani yake. Barazani kwangu, mbele ya wapita njia, hawawaruhusu, na siwalaumu.

Tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa. Luxor na Makka litafunikwa lote. Sisi tutaliona likimegwa sehemu. Watoto watalitazama tu, tukiwafunza au tusiwafunze, na anayelitazama bila kinga maalumu anaweza kuungua jicho asisikie maumivu. Kazi ya kuwafunza inataka kuanza mapema, inataka pahala.

Nilikusudia kuomba mengi: umeme ulioahidi, fidia ya kioo, maelezo kutoka kwa afisa aliyebadilisha kufuli. Maelezo bado nayataka. Umeme tunaweza kungoja. Kioo nitahangaika nacho mimi, nitaomba msaada kwa wenzetu wa nje.

Ufunguo, Mheshimiwa. Viti vitolewe, tupewe ufunguo wa chumba ulichotupa kwa mdomo wako. Hauhitaji bajeti wala kikao. Uachwe kwa Sheha, nitaufuata mwenyewe, saa yoyote.

Wako mwananchi,
Mwalimu na mlezi wa klabu