Mheshimiwa Waziri wa Afya, mtaani wanasema jini, mi naulizia jeni

Shikamoo Mheshimiwa. Naandika nikiwa hapa Tanga, mama kalala ndo nimepata upenyo, akiamka siandiki tena.

Juzi nimemkuta na ungo anachambua mchele, mikono inaenda vilevile kama zamani, ila mchele anawatupia kuku, chuya na vijiwe ndo anatia sufuriani. Nikacheka, afu nikaenda kulia uani. Ana miaka 66 tu. Mjomba, kaka yake, alianza hivihivi, na bibi naye tunaambiwa "alirudi utotoni". Mtaani kesi ishaisha, jini la ukoo. Hospitali niliyompeleka wakasema uzee huo mpe vitamini, kwenye faili hata jina la ugonjwa hawakuandika.

Basi nikawa nasoma mwenyewe usiku. Kuna jeni, yaani maagizo ya mwili tunayorithi kwa wazazi, inaitwa APOE, kila mtu anazo mbili, moja ya baba moja ya mama, zipo za aina tofauti, na ile aina ya 4 ndo inatajwa sana kwenye Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu. Sasa 2023 wakatoa utafiti Marekani kuhusu badiliko dogo ndani ya jeni hiyohiyo, wanaliita R145C, kwa Wazungu ni nadra mno ila kwa wenye asili ya Afrika lipo kama asilimia 2 mpaka 5 hivi. Aliye na moja ya aina ya 3 na moja ya aina ya 4 akiwa nalo na hili, hatari yake inapanda kama mara 3 kuliko mwenzake asiye nalo na ugonjwa unawahi miaka 5 au 6, hapo nilirudia kusoma weee. Si kwamba ukiwa nalo ndo basi, wapo wanalo na wazima, na bado linahitaji kuhakikishwa zaidi. Ila waliopimwa wengi ni Wamarekani weusi, sio watu wa Tanga wala Kigoma, na Afrika sio moja jamani, Wayoruba wa Ibadan kule Nigeria hiyo aina ya 4 haikuonekana na makali kama kwa Wazungu.

Na isisemwe hatuna wagonjwa, wilaya ya Hai kule Kilimanjaro walipimwa wazee wa miaka 70 kwenda juu zaidi ya 1,100, ikaonekana kama asilimia 6.4 wana dimensia, yaani kupotewa na kumbukumbu na akili, Alzheimer ikiwa mojawapo.

Siombi kila mtu apimwe jeni, kwanza apimwe ili iweje. Naomba manesi wa zahanati wafundishwe yale maswali ya kupima kumbukumbu, jina la ugonjwa liandikwe, na utafiti wa damu zetu ufanyike humuhumu na vijana wetu, kwa ridhaa, majibu yaturudie. Ya kwangu njooni mchukue hata kesho.

Ameamka huyo. Ananiita kwa jina la marehemu mjomba, siku hizi ndo jina langu, naitika tu.